Aliyekaa Ukingoni: Wasifu wa Marehemu Mama Emiliana Ndahani Mnyambwa (1957–2025)

Leo asubuhi wengi wetu tumevuka mto wa Gulwe kwa miguu mikavu. Mchanga ulikuwa mweupe, umelala kimya, na watoto walikimbizana juu yake kana kwamba haujawahi kuwa mto. Mama Emiliana, tunayemlaza hapa leo, Jumamosi tarehe 23 Agosti 2025, hakuuamini mchanga huo hata siku moja. Kutokuuamini kwake kumewaokoa watu ambao wengi wetu hatutawajua kwa majina, na mmoja wao amesimama nasi hapa.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 hapa hapa Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa mzee Ndahani Chidawali, aliyekuwa kibarua wa gengi la reli, na mama Paulina Masinga. Alibatizwa mwezi wa tano mwaka huo huo. Waliomjua utotoni wanasema alikuwa mtoto wa maswali mengi na miguu mirefu, asiyekubali kuambiwa kwamba mahali fulani ni mbali mpaka aende akahesabu hatua.

Wenyeji wanaujua mto wetu, ila wageni tuwaeleze. Mvua ikisimama kwa siku kadhaa, hata katikati ya masika, maji ya juu hukauka na wanawake hushuka kuchimba mchangani. Lakini mvua inaweza kunyesha huko mbali, upande wa Kongwa, nanyi mko chini ya jua kali, na maji yakaja yamesimama kama ukuta. Kwa hiyo zamani zile kila kundi lililoshuka lilimwacha mtu mmoja juu ukingoni, uso wake umeelekea huko mto unakotoka. Huyo hakuchimba, hakuteka, wala hakusuka ukili. Alitazama na kusikiliza, na hakuna aliyemwita mvivu.

Januari 1967, Emiliana akiwa na miaka tisa, zamu ilimwangukia. Akakaa. Baada ya muda akamwona mama yake anahangaika na debe, akashuka mbio kumsaidia.

"Nani amekutuma?" mama Paulina akamuuliza.

"Nimekuja kukushikia debe, mama. Ni zito."

"Rudi juu! Anayekaa ukingoni hana kazi nyingine."

Akapanda huku analia kwa hasira. Kabla hajamaliza kujifuta machozi, akasikia mngurumo akadhani ni treni ya mizigo, kisha akakumbuka kwamba treni ya mizigo ilikuwa imepita tangu asubuhi. Akapiga ukelele. Wanawake kumi na mmoja walipanda ukingo wakiwa na watoto wao mgongoni, na madebe yao yakaenda na maji. Jioni ile mama Paulina, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, alimwekea Emiliana firigisi la kuku kwenye sahani yake. Nyumbani kwao firigisi lilikuwa la baba. Baba akaliangalia likipita, akaendelea kula.

Alisoma Shule ya Msingi Gulwe kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha akachaguliwa kujiunga na sekondari ya wasichana Msalato, Dodoma, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1975. Walimu wake walimkumbuka kwa jambo moja: katika mtihani wa jiografia aliambiwa achore ramani ya mahali anapopajua, wenzake wakachora Afrika, yeye akachora njia ya kutoka bwenini hadi bombani, pamoja na mahali nyoka alipoonekana na tarehe alipoonekana. Alipata alama za juu kuliko wote. Mwaka 1976 alikwenda Morogoro kusomea uchoraji wa ramani, na akahitimu mwaka 1978.

Tarehe 1 Julai 1978 aliajiriwa kama mchora ramani katika ofisi ya mipango miji, Dodoma. Huko alikaa miaka thelathini na minane na miezi minane, mpaka alipostaafu Machi 2017. Mji ule ulikua chini ya kalamu yake. Barabara nyingi mnazopita leo mkienda Makole au Nzuguni, yeye alizichora kwa wino kwenye karatasi ya kufuatishia zikiwa bado ni vigingi porini. Alikuwa na sharti lake: hakuchora njia ambayo hajaikanyaga. Wakubwa wake walimwambia kwamba sharti hilo linachelewesha kazi, na ni kweli lilichelewesha. Naye aliwajibu kwa heshima, akavaa viatu vyake vya turubai, akaenda kuikanyaga.

Ramani ndiyo iliyomleta mume. Mwaka 1980 kijana mmoja dereva wa gari la maji aliingia ofisini jasho likimtiririka, akatupa karatasi mezani.

"Nani amechora hii? Nimezunguka porini na maji ya watu saa nzima!"

"Mimi, kaka. Hebu nionyeshe ulivyoishika."

Akamwonyesha.

"Umeishika kichwa chini."

"Ramani ndiyo imekosea, dada. Mimi nimeendesha gari miaka sita."

"Basi kesho nitapanda gari lako, tutaona nani amekosea."

Kesho yake akapanda, wakafika bila kupotea, na kijana akasema wamefika kwa sababu yeye anaijua njia. Huyo ndiye mzee wetu Bernardo Mnyambwa. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 18 Septemba 1982, Dodoma, wakajenga Makole, na Mungu akawajalia watoto watatu: Editha, Jordan na Sostenes. Ugomvi wa ramani ile haukuisha. Kwa zaidi ya miaka arobaini, kila wageni walipokuja, mama aliusimulia, na kila mara mzee alisema, "Ramani ilikosea," kisha akaomba aongezewe chai.

Jumamosi tarehe 12 Septemba 2009, Jordan, akiwa na umri wa miaka kumi na sita, alikufa maji katika ufukwe wa Mwandusi, mkoa wa Pwani, alikokuwa amekwenda kwa ziara ya shule. Alikuwa mtoto mpole, mwenye kicheko cha kuambukiza, na hakuwa amewahi kuona maji mengi kuliko yale ya mto huu. Mzee Bernardo alikwenda kumchukua. Mama alibaki nyumbani kumpokea. Siku ya maziko, hapa hapa tulipo, mwalimu aliyeongoza ziara ile, mwalimu Elisante, alisimama mbali na watu, na alipopata nafasi akamsogelea mama.

"Niliona kiti, mama," alisema. "Kiti kile kirefu, cheupe, cha mwokoaji. Nikajua kuna mtu anawatazama. Nikawaruhusu waingie."

Kiti kilikuwepo kweli. Mtu hakuwepo. Tulikuja kuambiwa kwamba kilikuwa hakijakaliwa kwa miaka miwili, na wageni walikuwa wanakipanda kupigiwa picha. Mama alimsikiliza mwalimu mpaka mwisho, na hakumjibu. Hakumjibu kwa karibu miaka minane. Hakuwahi kumlaani wala kumsema, lakini neno hilo, kiti, alilibeba, na tuliokuwa naye nyumbani tulimwona akilibeba.

Mwaka 2016 wanafunzi wa chuo kikuu walifika ofisini kwake kuomba ramani za zamani za mji. Walikuwa wanachora ramani ya jamii, ile ambayo haina mwenyewe, ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuongeza kisima, zahanati au njia ya mtaani kwake, na mwingine akairekebisha ikiwa amekosea. Kiongozi wao alikuwa binti aitwaye Priska. Mama aliwapa walichotaka, kisha akavuta kiti akakaa nao mpaka ofisi inafungwa. Wiki iliyofuata alinunua simu yenye kioo kikubwa. Mzee Bernardo alipomuuliza ya nini, alisema, "Nataka kuona wamechoraje bahari."

Akaona. Ufukweni, vijana walikuwa wameweka alama ya mwokoaji kila palipoonekana kiti kirefu kwenye picha iliyopigwa kutoka angani. Mwandusi palikuwa na alama hiyo. Alimpigia Priska simu hapo hapo.

"Binti yangu, hiki kiti cha Mwandusi, nani amekikalia?"

"Mama, kwenye picha haionekani. Tunaona kiti tu."

"Mwanangu naye aliona kiti tu."

Priska alikuja Makole siku ile ile, wakakaa sebuleni na chai mpaka ikapoa. Hapo ndipo kazi kubwa ya mama ilipozaliwa, miezi michache kabla hajastaafu. Walikubaliana kwamba kiti kiwe nukta ndogo, kama nguzo au bomba. Lakini mahali ambapo kuna mtu anayewatazama wanaoogelea pawe eneo kamili lenye mipaka yake: kutoka bendera hadi bendera, kutoka mchangani hadi kwenye maboya, na ndani yake paandikwe saa ambazo ulinzi unaanza na kuisha, na miezi ambayo haupo. Eneo hilo lichorwe tu ikiwa ulinzi upo. Pasipo ulinzi pabaki peupe. Siku hiyo hiyo alama ya Mwandusi ikafutwa, na Mwandusi pakawa peupe.

Tusiwafiche, eneo la kwanza kabisa alilichora vibaya. Ilikuwa Mei 2017, ufukwe wa Kichangani, ambako Priska alikuwa amepata kwa simu taarifa za mwokoaji aitwaye Habibu. Mama alikaa hapa bara, akafungua picha ya angani, akaona mchanga unapoishia na maji yanapoanzia, akachora kwa unadhifu wake wote. Siku ya tatu Habibu akapiga simu, sauti yake imejaa kicheko.

"Shikamoo mama. Mama, umenipeleka kwenye kina! Watu wangu wanaogelea pale ulipoandika mchanga."

"Marahaba, baba. Mbona picha inaonyesha mchanga? Maji yamehama?"

"Yanahama kila siku, mama. Yanapwa, yanajaa. Picha yako imepigwa yamepwa."

"Yakihama yanarudi lini?"

"Jioni, mama!"

"Kwetu yakiondoka yanarudi mwakani," alisema mama, na wote wawili wakacheka mpaka salio la Habibu likakatika.

Mchora ramani mwenye miaka thelathini na minane kazini alikuwa amechora maji asiyoyakanyaga. Aliona haya, na haya yake ilidumu siku moja. Siku ya pili alikata tiketi mbili za basi. Akiwa na umri wa miaka sitini aliiona bahari kwa mara ya kwanza, ameshikwa mkono na mumewe, ambaye alisimama akaitazama kwa muda mrefu kisha akasema, "Maji yote haya, na hakuna wa kuyabeba." Mama aliingia mpaka magotini, akasimama humo kidogo na Jordan wake, kisha akatoka, akakung'uta kitenge, akaenda kukaa chini ya kiti cha Habibu.

Alikaa hapo kutwa nzima. Habibu alizungumza naye bila kugeuza shingo.

"Nisamehe mama, sikutazami usoni."

"Ukinitazama naondoka."

Saa sita mchana mwenye kibanda alimwita Habibu ambebee kreti la soda. Habibu akakataa bila kugeuka. Mwenye kibanda akamtania kwamba analipwa kwa kukaa. Mama ndiye aliyemjibu: "Baba, mwache. Anayekaa ukingoni hana kazi nyingine." Jioni, kabla ya kupanda basi, alirekebisha eneo la Kichangani, mara hii likifuata maji yanapojaa na yanapopwa. Na tangu siku hiyo akaweka sharti ambalo wachoraji wenzake wote walilifuata: hakuna eneo litakalochorwa mpaka mmoja wao aende akakae kutwa, amwangalie yule anayeangalia. Mwokoaji akinyanyuka bila mwenzake kukaa, eneo halichorwi.

Aliporudi Dodoma hakupita nyumbani kwanza. Alishuka stendi akapanda bodaboda hadi Nzuguni, kwa mwalimu Elisante. Mwalimu alifungua mlango, akamwona, akabaki ameshika kitasa.

"Mwalimu," mama alimwambia, "nimekaa chini ya kiti kama kile. Ni kirefu, kinaonekana kutoka mbali. Hata mimi ningekiona, ningeamini."

Mwalimu akalia pale mlangoni. Mama akamwacha alie, kisha akamwambia, "Likizo yako ni lini? Kuna fukwe nyingi, na miguu yangu inazeeka."

Ndivyo walivyofanya kazi pamoja kwa miaka minane: mama, mwalimu, Priska na wenzao, kila likizo, kutoka Tanga hadi Mtwara. Walichora maeneo ishirini na tatu. Waliyoyaacha peupe ni mengi zaidi, na mama aliyajua yote kwa majina. Alipoulizwa haoni uchungu kusafiri siku mbili na kurudi bila kuchora kitu, alisema kwamba amerudi na jambo: sasa anajua pasipo na mtu.

Jumamosi tarehe 17 Juni 2023 mwalimu Elisante alipeleka wanafunzi arobaini na sita baharini. Ilikuwa ziara yake ya kwanza tangu mwaka 2009. Walipokaribia Mwandusi dereva akapunguza mwendo. Palikuwa karibu, palikuwa na bembea, na kiti kilikuwa kimepakwa rangi upya.

"Mwalimu, tushuke hapa. Watoto wamechoka."

"Ramani haisemi kitu hapa. Twende Kichangani."

"Saa nzima tena? Bahari ni ile ile, mwalimu!"

"Bahari ni ile ile. Mtu ndiye hayupo. Twende."

Watoto wakazomea, dereva akabamiza gia, wakaenda. Saa saba kasoro mchana, Kichangani, mkondo ulimchukua Mwanaidi, binti wa kidato cha pili, mwenyeji wa Kondoa. Hakupata hata nafasi ya kuita. Lakini Habibu alikuwa ameshamwona, mwenzake akapanda kitini, naye akawa majini. Mwanaidi alipolazwa mchangani alikohoa, akafungua macho, na neno lake la kwanza likawa, "Mtandio wangu!" Mwalimu akapiga simu Makole.

"Mama, katoka."

"Nani katoka?"

"Mtoto, mama. Maji yalimchukua. Katoka mzima. Analilia mtandio."

Mama aliweka simu juu ya meza, akatoka nje, akasimama katikati ya ua, akapiga vigelegele. Majirani wa Makole walikuja mbio, wengine na vijiko vya mchuzi mkononi, wakidhani Editha amepata mchumba. Aliwaambia, "Ametoka! Mtoto wa watu ametoka!" Wakapokea vigelegele bila kujua ni mtoto yupi. Hatujapata kusikia ua ule ukiwa na furaha kama ile, hata siku za harusi. Wiki iliyofuata alimtumia Mwanaidi mtandio mpya kwa basi la Kondoa.

Habari hizo zilifika Mwandusi. Wenye biashara wa pale waliona mabasi ya bara yanawapita, wakauliza sababu, wakaambiwa ni ramani. Mmoja wao akampigia mama. "Mama, mbona sisi umetuacha peupe? Kiti tunacho, tumekipaka na rangi!" Mama akamwambia, "Kiti nakijua, baba, tangu mwaka 2009. Mkiweka mtu mtaniita." Walikasirika. Kisha wakakaa kikao, na Januari 2025 wakaajiri mwokoaji.

Lakini kufikia hapo mama alikuwa mgonjwa. Alianza kulalamika maumivu ya tumbo Oktoba 2024, na mwezi uliofuata madaktari wakagundua saratani ya ini. Alitibiwa hapa Dodoma kwa uangalifu mkubwa, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote. Alipoambiwa kwamba hatapona, aliuliza swali moja tu: kama atafika Julai, likizo ya mwalimu. Hakuna aliyehitaji kumuuliza kwa nini. Mahali pamoja tu ndipo alipotaka kupaona kabla ya kufunga macho pakiwa na mipaka, na kwenye ramani bado palikuwa peupe.

Mwalimu hakusubiri Julai. Alikwenda Mwandusi wakati wa mapumziko ya Pasaka, Aprili, akakaa kutwa. Akarudi akakaa kando ya kitanda, ameinamisha kichwa.

"Saa saba mwokoaji alikiacha kiti, mama. Walimtuma mkaa."

"Na mwenzake?"

"Hana mwenzake."

Mama akafumba macho. Editha, ambaye alikuwa amemuuguza miezi yote ile, alishindwa kuvumilia. "Mama, chora tu. Umesubiri miaka kumi na sita. Wataongeza mtu baadaye. Chora, upumzike."

"Nikichora uongo, Editha, kuna mtoto ataamini. Kama mdogo wako Jordan alivyoamini." Akamgeukia mwalimu. "Waambie wanahitaji watu wawili, na mkaa ufuatwe na mwingine. Mimi nitangoja."

Akangoja. Alikula alichoweza, alikunywa dawa zote, alikataa kuaga. Wageni waliokuja kumlilia aliwaambia warudi Agosti. Jumamosi tarehe 12 Julai 2025 mwalimu Elisante alikaa tena Mwandusi, tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kwenye mchanga ule ule ambao hakuwa na nguvu ya kuutazama zamani. Kesho yake jioni alikuwa Makole, vumbi la safari bado liko kwenye viatu.

"Wapo wawili," alisema. "Mmoja ni dada, anaitwa Generosa. Nimekaa naye kutwa, mama. Wamemwita akabebe soda, hakuinuka. Wamemwita apigwe picha, hakuinuka."

"Alikula saa ngapi?"

"Hakula mpaka mwenzake alipokaa."

Mama akaomba anyanyuliwe. Mzee Bernardo akampangia mito mgongoni, Sostenes akamshikia simu, na yeye akaanza kuchora kwa kidole. Mstari ukapinda. Akaufuta. Akachora tena, ukapinda, akaufuta. Mara ya tatu mzee akamwambia, "Mama Editha, inatosha. Imenyooka."

"Haijanyooka. Wewe uliwahi kupotea kwa ramani yangu?"

Mbele ya watoto wake, baada ya miaka arobaini na mitano, mzee akasema, "Niliishika kichwa chini."

Mama alicheka mpaka Editha akaogopa. Akiwa bado anacheka, akachora mara ya nne, kutoka bendera hadi bendera, kutoka mchangani hadi kwenye maboya, ukanyooka. Chini yake akaandika: saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, mwaka mzima. Huo ulikuwa mchoro wake wa ishirini na nne, na wa mwisho. Mwandusi si peupe tena. Mwenye simu anaweza kufungua akaona.

Alifariki dunia nyumbani kwake Makole, Alhamisi tarehe 21 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, baada ya kupokea sakramenti na kuwashika mikono wote waliokuwepo.

Ameacha mume, mzee Bernardo Mnyambwa, watoto wawili, Editha na Sostenes, wajukuu wanne, dada yake Marselina na mdogo wake Ernest. Mwanawe Jordan ametangulia, na ubavuni mwake ndipo tunapomlaza. Mwalimu Elisante ni miongoni mwa waliobeba jeneza leo. Mwanaidi amesafiri kutoka Kondoa, na mtandio aliojifunga ndio ule.

Habibu hayupo. Alituma ujumbe huu leo alfajiri, na familia imeona usomwe kama ulivyo:

"Mbukwenyi wafiwa, nawasalimu kwa Kigogo alichonifundisha mama. Nilitaka sana kuja kumzika mama yangu. Lakini leo Jumamosi watu watakuwa wengi na zamu ni yangu. Nikiiacha, wa kwanza kunigombeza atakuwa yeye. Kuanzia saa tatu simu nitaizima. Mzikeni nyinyi, mimi natazama maji."

Mama Emiliana, ulisema utangoja, ukangoja. Sasa zamu yako imekwisha na kiti kina mtu. Shuka ukingoni, upumzike kwa amani.